Wakuu naombeni ushauri, laptopu ya gemu za kurusha ndege
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Natafuta laptopu ya kuchezea Microsoft Flight Simulator 2024 na X-Plane 12, na nataka inikalie miaka, sio ikianza kutua kwenye uwanja mkubwa wenye majengo mengi picha inakwamakwama. Hiyo ya Microsoft kima cha chini ni ramu 16GB ila wenyewe wanapendekeza 32GB, ramu kwa laptopu nyingi unaongeza baadae, ishu ipo kwenye kadi ya grafiksi maana ile inakuja imechomelewa kwenye mazabodi, ukikosea kuchagua ndo basi. Sasa kadi za RTX 4060 na 4070 za laptopu zote zina 8GB za memori ya kadi yenyewe, je 4070 tofauti yake inaonekana kweli ukiwa hewani au bora hela hiyo niipeleke kwenye prosesa, coz gemu hizi zinakula prosesa balaa? Halafu joto, hili ndo linanitisha zaidi, safari ndefu ya masaa laptopu si inajipunguza spidi yenyewe? Mwenye nayo anieleze feni zinahimili vipi. Betri na uzito havinisumbui, itakaa mezani kwenye umeme muda wote.