Zanku ilimpandisha Zlatan: je, vijana walioanzisha miondoko hii wanamdai kitu?

MTOA MADA:

Ndugu wasomaji, hoja ninayoileta ni hii: msanii anapopata jina kwa mtindo wa kucheza ulioanzia mitaani, wale waliouanzisha wana haki ya kumdai chochote, au watosheke kuuona ukichezwa kwenye majukwaa makubwa? Nimemchagua rapa na mnenguaji wa Nigeria, Zlatan, kwa sababu safari yake na zanku, mtindo wa kucheza wa mitaani, inalionyesha suala hili waziwazi.

Zlatan, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Omoniyi Temidayo Raphael, ana asili ya Jimbo la Ekiti na amekulia Ikorodu, pembezoni mwa Lagos. Kurap hakukuanza na zanku, kwani mwaka 2014 alishinda shindano la muziki la vyuo huko Abeokuta, alikokuwa akisoma, ila baada ya ushindi huo alikaa miaka kadhaa akirap kwa Kiyoruba bila kuvuma sana nje ya mashabiki wa rap ya mitaani. Mambo yalibadilika mwaka 2018, aliposikika kwenye "Able God" ya Chinko Ekun, kisha kwenye "Killin Dem" ya Burna Boy, na karibu wakati huohuo akatoa wimbo wake mwenyewe uliobeba jina la zanku. Mtazame anavyocheza: magoti yamelegea, nyayo zinapishana kwa kasi huku kiwiliwili kikiwa kimetulia, na mdundo unapokata, mguu mmoja unarushwa mbele kama wa mtu anayevunja mlango kwa teke. Mashairi yake wengi hawakuyaelewa, hasa wasiojua Kiyoruba, lakini teke lile kila mtu aliliiga.

Zanku haikuanzia studio. Kabla yake ulikuwapo mtindo wa shaku shaku, uliotoka Agege, eneo la Lagos, na kuenezwa mwaka 2017 na nyimbo kama "Legbegbe" ya Mr Real na "Wo!!" ya Olamide. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya mtindo wa shoki, ambapo Lil Kesh na Orezi kila mmoja alikuwa na wimbo wa jina hilo, jambo linalotosha kuonyesha kwamba hakuna kati yao aliyeweza kudai kuwa ndiye pekee mwenye mtindo. Mwaka 2012 Iyanya aliipeleka etighi, ngoma ya watu wa upande wa Calabar na Akwa Ibom, kila pembe ya nchi kupitia "Kukere". Ukirudi nyuma hadi miaka ya 1990 unaikuta galala, mtindo wa Ajegunle, mtaa mwingine wa Lagos, na mwimbaji Daddy Showkey. Mara nyingi vijana wasiojulikana ndio wanaotangulia kucheza, kisha msanii anautungia mtindo wimbo, na malipo ya maonyesho na matangazo yanaishia kwake.

Msimamo wangu ni kwamba wanenguaji wanadai, ingawa deni lao si la kudaiwa mahakamani. Sheria ya hakimiliki ya Nigeria ya mwaka 1988 ilizitaja kazi za unenguaji miongoni mwa kazi zinazolindwa, lakini ilitaka kazi iwe imehifadhiwa katika umbo la kudumu. Mtindo uliokuzwa na mamia ya vijana, kila mmoja akiongeza hatua yake, hauna mtunzi mmoja wa kuelekezewa haki hiyo, na binafsi nisingependa awepo mtu wa kuwatoza wengine ada kwa kurusha mguu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinawezekana: mnenguaji anayetokea kwenye video, ambaye ndiye anayewafanya watu waurudie wimbo, aandikwe jina na apewe sehemu ya mapato kwa mkataba, badala ya kulipwa ujira wa siku moja na kusahauliwa.

MCHANGIAJI:

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini unamchora Zlatan kama mtu aliyesimama kando akivuna, ilhali naye ni kijana wa mitaa hiyohiyo na anacheza kwa miguu yake mwenyewe. Isitoshe, miondoko bila wimbo haivuki mtaa wake. Mwaka 2008 Colin Powell, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alicheza yahooze, mtindo wa wimbo wa jina hilo, jukwaani London pamoja na mwimbaji wake, Olu Maintain. Ni wimbo ulioufikisha mtindo ule pale, si uhodari wa mnenguaji yeyote wa Lagos.

Pili, msanii ndiye anayebeba hatari. Mwezi Mei 2019 mwanamuziki Naira Marley alitoa wimbo akimshirikisha Zlatan, wenye kuuliza kama yeye Marley ni tapeli wa mtandaoni, na mara moja wote wawili wakakamatwa na tume ya Nigeria ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi, EFCC. Zlatan aliachiliwa siku chache baadaye, mwenzake akafunguliwa mashtaka. Anayetaka mgawo wa faida aseme pia atachangia nini siku ya matatizo. Na mnenguaji mwenye akili ya biashara hahitaji kuhurumiwa: Poco Lee alijulikana kwa kucheza zanku, na leo jina lake limeandikwa kwenye nyimbo.

MTOA MADA:

Nakubali kwamba Zlatan ni mwenyeji wa mitaa ile, na sijasema aliiba. Kuhusu hatari, yeye na Naira Marley walikamatwa baada ya wimbo na maneno yake, kwa hiyo sioni kwa nini mnenguaji adaiwe mchango hapo.

Mfano wa Poco Lee, hata hivyo, una upande wa pili. Ulipotoka wimbo "Zazoo Zehh" mwishoni mwa 2021, uliokuwa na Portable, Olamide na Poco Lee, aliyelalamika hadharani kuhusu umiliki wa wimbo hakuwa mnenguaji; alikuwa Portable, mwimbaji ambaye wakati huo hakuwa na jina. Safari hii mnenguaji ndiye aliyekuwa na umaarufu na mwimbaji ndiye aliyejiona amepunjwa. Kwa hiyo naurekebisha mpaka wa hoja yangu: mgogoro si kati ya kuimba na kucheza, ni kati ya mwenye jina na asiye nalo wanapoingia kazini bila karatasi. Zlatan wa mwaka 2014 angekuwa upande wa asiye na jina.

Wachangiaji wanaofanya kazi za video wanisaidie hapa: mnenguaji anapoitwa siku ya kurekodi, husaini nini, na je, kuna aliyewahi kuona mkataba unaompa asilimia yoyote ya mapato ya wimbo?