Naombeni ushauri: kisigino kinaniua kila alfajiri, nimeambiwa nilipe laki sita ninyooshwe mifupa

Mlinzi wa Getini

Mbukwenyi wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mlinzi hapa Dodoma mjini, umri miaka 44, uzito kilo 93. Naingia lindoni saa 12 asubuhi, natoka saa 12 jioni, na kazi yenyewe ni kusimama. Gari likija nafungua geti, likipita nafunga, na chini ni zege tupu. Huu ni mwezi wa tano tangu kisigino cha kulia kianze kuuma. Nikiamka alfajiri nikatua mguu sakafuni, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nashika ukuta hadi chooni. Nikitembea dakika kumi hivi kinalegea, mchana nasahau kabisa, halafu nikikaa kula ugali na kuinuka tena, msumari umerudi. Nikibonyeza kwa kidole gumba pale chini, upande wa ndani wa kisigino, napagusa penyewe.

Nimemeza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likaanza kuwaka, nikaacha. Nikapiga eksirei, nikaambiwa kuna mfupa umeota kisiginoni kama mwiba. Tangu siku hiyo sina amani, naona huo mwiba ndio unaonichoma.

Sasa kuna jamaa amefungua chumba huku mjini anafanya kairopraktiki. Ile ya kwenye video, mtu analazwa, anavutwa, anazungushwa, mifupa inalia ka-ka-ka. Nilikwenda Jumamosi. Akanilaza kifudifudi, akaangalia visigino vyangu, akasema mguu wa kulia ni mfupi, nyonga imehama, pingili za mgongo zimekaa upande, chanzo cha kisigino ni hicho. Anataka niende mara 12 kwa shilingi 600,000, zote nilipe mwanzoni. Amesema nimpeleke na mke wangu, fundi cherehani ambaye shingo inakakamaa na kichwa kinamgonga, na mama yangu aliyeko Mvumi ambaye nyayo zinamuwaka moto usiku. Akaongeza kwamba hata presha, na mtoto kukojoa kitandani, vinaisha mgongo ukinyooshwa.

Laki sita ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Nimeshaongea na wenzangu wa kikoba wanikopeshe, Ijumaa wananipa jibu. Naombeni ushauri kabla sijaichukua.

Kizota Ndani

Pole mkuu. Mimi sitawasema vibaya hao watu. Nikiwa Nairobi mgongo wa chini ulinibana baada ya kubeba magunia, nikaenda kwa kairoprakta aliyesomea kweli. Alinihoji karibu nusu saa kabla hajanigusa. Alinigonga goti kwa kinyundo, akanitembeza kwa vidole na kwa visigino, ndipo akanilaza. Nilienda mara nne na kila mara nililipa ya siku hiyo, basi. Nikapona. Kisigino sina uzoefu nacho, lakini hapo kwenye kulipa mara 12 kwa mkupuo ningesita.

Mama Zabibu

Mwanangu pole sana. Chemsha maji, tia chumvi, loweka mguu kila jioni, kisha upate mtu anayejua kuchua akuchue na mafuta ya nyonyo. Sisi shambani Mpunguzi tunasimama kwenye mizabibu kutwa, tunajitibu hivyo. Mama naye mloweke maji ya moto, huo ni ubaridi umeingia miguuni.

Dereva wa Singida

Mkuu, maumivu yanaanzia kisiginoni au yanashuka kutoka juu? Mimi nilihangaika na mguu mwaka mzima kumbe ni mgongo. Yalikuwa yanaanzia takoni, yanapita nyuma ya paja, yanaishia kwenye wayo, na vidole vinapata ganzi. Nikikohoa yanaruka kama shoti ya umeme.

Mlinzi wa Getini

Hapana kaka, yangu hayapandi wala hayashuki. Ni kisigino tu, na ganzi sina.

Fizio Kondoa

Kaka Mlinzi, hilo jibu lako la mwisho lina thamani kubwa. Nipo kwenye fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, mwaka wa kumi na moja, na maelezo yako ni ya ugonjwa ninaouona kila wiki kwa walimu, wapishi, wasusi na walinzi.

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Fikiria upinde na kamba yake: mifupa ya wayo ni upinde, utando ni kamba. Kila ukisimama, uzito wako unaivuta hiyo kamba. Kwa saa 12 juu ya zege na kilo 93, inachoka pale inapojishika kwenye kisigino, palepale unapobonyeza. Usiku mguu ukipumzika utando unakaza, na hatua ya kwanza alfajiri inauvuta ghafla. Ukitembea unalegea. Ndiyo maana maumivu yako yana saa zake.

Huo mwiba usikunyime usingizi. Watu wengi wana mwiba kwenye eksirei na hawajawahi kuumwa kisigino, na wengine wanaumwa hivyohivyo bila mwiba wowote. Haukuchomi. Na wagonjwa walio wengi wanapona ndani ya mwaka bila upasuaji.

Sasa tuje kwenye tiba ya mikono, ile ya jamaa yako. Kairopraktiki ilianzishwa na D.D. Palmer mwaka 1895 huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Aliamini kwamba magonjwa karibu yote yanatokana na pingili za mgongo kukaa vibaya na kubana mishipa ya fahamu. Imani hiyo haijathibitika. Kilichoonekana kwenye tafiti ni kidogo kuliko hapo, lakini kipo: kwa maumivu ya kawaida ya mgongo wa chini, kunyooshwa kunasaidia kwa kiasi kinachokaribiana na mazoezi na tiba nyingine za kawaida. Kaka wa Kizota hakudanganywa. Kwa kisigino, mtu mwenye ujuzi akikulegezea kifundo cha mguu kilichokaza na kukukandia kigimbi, unaweza kupata nafuu, hasa ukiambatanisha na mazoezi. Hata sisi tunafanya hivyo. Lakini hiyo kazi inafanyika mguuni kwako. Mtu asiyekigusa kisigino chako, akakuuzia safari 12 za mgongo, sikubaliani naye. Mguu mmoja kuonekana mfupi ukiwa umelala hakuthibitishi kitu, hata misuli ya kiuno iliyokaza upande mmoja inaleta hivyo. Na ule mlio wa "ka" ni gesi ndani ya maji ya kiungo. Hakuna mfupa uliokuwa umehama ukarudi.

Presha na kikojozi kutibiwa kwa kunyoosha mgongo hakuna ushahidi wake. Kama kuna mtu nyumbani ana presha, asije akaacha dawa zake kwa maneno hayo.

Fanya hivi. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono mpaka unyayo ukaze, shikilia ukihesabu hadi kumi, rudia mara kumi. Weka ndala kando ya kitanda, usikanyage sakafu peku. Jioni gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, uiviringishe chini ya unyayo dakika kumi ukiwa umekaa.

Zoezi kubwa ni hili. Tafuta ngazi au tofali lisiloyumba. Kunja taulo, liweke chini ya vidole vya mguu unaouma ili vidole viinuke. Simama kwa mguu huo huku umeshika ukuta, inua kisigino taratibu kwa sekunde tatu, kaa juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Mara 12, pumzika, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukishindwa kwa mguu mmoja, anza na yote miwili. Zoezi hili lilipimwa Denmark kwa wagonjwa 48, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa na nafuu kuliko waliokuwa wananyoosha tu unyayo, na ulipofika mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa. Litauma mwanzoni. Likikuzidi mpaka siku ya pili, punguza.

Buti zako zikoje?

Mlinzi wa Getini

Asante sana kaka, nimesoma mara mbili. Buti nilipewa kazini namba 44, mimi navaa 42. Najaza karatasi mbele. Soli yake ya ndani imeisha, nikiingiza mkono nagusa vichwa vya misumari.

Fizio Kondoa

Hapo ndipo pa kuanzia kutoa hela, kaka. Mguu unaoteleza ndani ya buti unajikunja vidole muda wote kujishika. Tafuta raba au buti namba yako, nyuma pagumu pasipokunjika, kisigino kiinuke kidogo, ndani uweke soli yenye kituta cha katikati. Kwenye viatu vya mtumba pale Sabasaba utapata. Kisha uende kitengo cha fiziotherapia, hospitali ya General wanacho na ya Benjamin Mkapa wanacho, wakupime kwa mikono. Mimi nakuandikia bila kukuona.

Nesi Makole

Kwanza shikamoo Mama Zabibu. Mama, kwa heshima yote, naomba yule bibi wa Mvumi asilowekwe maji ya moto. Nimeshamfunga vidonda mama mmoja aliyelowekwa na wanawe kwa mapenzi kabisa. Nyayo zilikuwa zinawaka usiku, kumbe hapohapo zilikuwa hazisikii joto. Maji yalimbabua ngozi na yeye anaongea tu, hajui. Vile vidonda vilimkalisha ndani miezi.

Kaka Mlinzi, nyayo zote mbili kuwaka moto usiku kwa mtu mzima, cha kwanza ni kupima sukari. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Kuna sababu nyingine pia: pombe ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, na baadhi ya dawa kama isoniazidi ya kifua kikuu, ndiyo sababu wagonjwa wengi wa TB hupewa na vitamini B6. Yote hayo yanaonekana kwa vipimo na mahojiano. Mgongo wa bibi wa watu uachwe. Mifupa ya umri ule inaweza kuwa imepungua nguvu, ukiisukuma kwa nguvu inavunjika. Mvumi kuna hospitali palepale, mpeleke wiki hii.

Na mkeo, nakuomba kama dada yako, shingo yake isizungushwe kwa ghafla. Kuna mishipa ya damu inapanda ndani ya shingo kwenda kwenye ubongo. Kuvunja shingo kwa nguvu kunaweza kuuchana mshipa kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini likitokea ni la maisha. Hili nalisema na kwa vinyozi wanaomaliza kunyoa kwa kuvunja shingo za wateja. Kama tayari ana kizunguzungu, anaona vitu viwili viwili, ulimi mzito au mkono una ganzi, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa fundi cherehani, angalia kiti chake. Wengi wanakaa chini sana, wanainamia sindano kutwa. Mpandishie kiti, taa iwe karibu na kitambaa, na kila nusu saa ainuke arudishe mabega nyuma.

Kaka wa Singida, wewe na wenye mgongo wa aina yako: mkojo ukianza kutoka wenyewe au kugoma, au ganzi ikishika sehemu za siri na katikati ya mapaja, usiende kunyooshwa. Kimbia hospitali usiku huohuo.

Kizota Ndani

Naongeza moja. Muulize huyo jamaa alisoma wapi na miaka mingapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka asiyetoka kwenye udaktari asome kairopraktiki si chini ya miaka minne muda wote, saa 4,200. Semina ya wiki mbili haifiki huko. Muulize pia usajili wake. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake.

Mama Zabibu

Marahaba mwanangu Nesi. Nimeelewa. Mimi mwenyewe nyayo zinaniwaka, nikawa nasema ni uchovu wa shamba. Kesho naenda kupima.

Mlinzi wa Getini

Wakuu, naleta mrejesho, ni wiki ya tisa leo.

Mkopo wa kikoba sikuuchukua. Yule jamaa nilimuuliza alikosomea, akanionesha cheti cha mafunzo ya siku kumi. Nikamshukuru nikaondoka. Raba nimenunua Sabasaba shilingi 25,000, namba 42, soli ya ndani 8,000. Fiziotherapia nimekwenda mara tatu. Dada aliyenihudumia alikikunja kifundo changu akaniambia kimekaza, akakifanyia kazi kwa mikono, akanipa zoezi lilelile la taulo. Wiki mbili za kwanza niliona limenizidishia. Wiki ya tano niliamka kwenda msalani, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta. Bado kinauma nikikaa sana, lakini si msumari tena. Kilo zimeshuka mbili.

Mke wangu nimemtengenezea kiti kipya cha mbao, kirefu kuliko cha zamani kwa inchi nne. Kichwa kimepungua, sasa kinamsumbua siku za maharusi tu, oda zikiwa nyingi.

Mama alipimwa sukari, ikasoma 17.4, iko juu sana. Hakuwahi kujua. Ameanza dawa na anaendelea na kliniki. Nesi Makole, Mungu akubariki, nilikuwa nampeleka akanyooshwe mgongo.

Nina swali moja limebaki. Mama anakataa viatu, anakwenda shamba la karanga peku. Anasema ardhi ya Mvumi anaijua tangu azaliwe.

Nesi Makole

Nimefurahi mpaka machozi kaka. Usibishane naye juu ya ardhi. Mwambie ardhi hajaisahau, ila nyayo zake hazimpi tena habari zake: mbigili ikiingia leo ataiona wiki ijayo ikiwa na usaha. Mnunulie viatu vya kufunika vidole, laini kwa ndani, vyenye nafasi, na umnunulie jioni maana miguu huwa imevimba kidogo. Kabla ya kuvaa aingize mkono ndani apapase, soli za huko zinatobolewa na miiba. Usiku kuwe na mjukuu wa kumwangalia nyayo na katikati ya vidole kwa tochi. Bibi wengi wanakataa daktari lakini mjukuu hawamkatalii.

Mlinzi wa Getini

Yupo wa darasa la nne. Jumapili nampeleka na tochi yake.