Naomba ushauri: hema tuliache limesimama au tulifunge?

Habari zenu wakuu. Tuko safarini na gari kando ya bahari, tunalala kwenye hema. Kesho ni siku ya kuzunguka tu: mnara wa taa kwanza, kisha mapango ya ufukweni yanayofikika maji yakipwa. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo ni bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Maji yatakupwa mbali, ila yakirudi yanarudi kwa kasi. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Nawaza tuingie saa moja kabla hayajapwa kabisa, tutoke yakianza kugeuka. Inatosha?

Halafu hema. Upepo huu unang'oa vigingi mchangani. Mwenzangu anasema tuliache, mimi roho inasita. Waliozoea mnafanyaje?