Mjadala: Mama mdogo akifariki, nina haki ya likizo ya msiba?

Mleta mada, Nkuhungu
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilifiwa na mama mdogo kule Mpwapwa. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Karo, sare, madaftari, vyote vilitoka kwenye karanga zake. Nikaomba likizo ya msiba kazini, kampuni binafsi hapa Dodoma mjini ambayo sitaitaja. Kwenye fomu kuna sehemu ya "uhusiano na marehemu". Nikaandika ukweli: mama mdogo. Haikupita saa moja fomu ikarudi: "Hayumo kwenye orodha. Tumia likizo ya mwaka." Na likizo ya mwaka nilishapangiwa Desemba! Nikapewa ruhusa ya siku moja tu. Jumamosi tukazika, Jumapili jioni niko kwenye basi, matanga nimeyaacha kwa wadogo zangu.

Kinachoniuma ni hiki: ningeandika "mama" tu, ningepewa siku nne. Na nisingekuwa nimedanganya, maana maisha yangu yote nilimwita mama. Mimi nasema kampuni zimtambue mlezi sawa na mzazi. Mnaonaje?

Afisa rasilimali watu, Area C
Pole sana dada. Aliyekurudishia fomu hakuvunja sheria, ila ameishia pale pale inapoanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mtoto akiugua au akifariki, halafu kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi hayumo, mjomba hayumo, wakwe hawamo. Hata mama mzazi akiwa mahututi, orodha hiyo haikupi siku, mpaka afariki.

Tena wengi hawajui kwamba zile siku nne zenye malipo ni za mzunguko wa miezi 36, si za kila msiba. Ukimzika baba yako mwaka huu na bibi yako mwakani, siku ni zilezile nne.

Lakini sheria imeandika "angalau". Hicho ni kima cha chini. Kampuni haizuiwi kuongeza siku wala kuongeza watu kwenye sera yake. Wengi wetu maofisini tunanakili orodha ya sheria kama ilivyo na kuiita sera. Na hili la kumwambia mfiwa atumie likizo ya mwaka mimi silipendi. Zile siku 28 ni za mtu kupumzika, na mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini. Kifo hakingoji ratiba.

Mwenye kiwanda kidogo, Kizota
Pole dada, Mungu amlaze mama pema. Ila naomba mnisikilize na mimi. Nakamua alizeti, nina watu saba. Msimu ukianza mashine haizimwi. Mwaka jana ndani ya wiki mbili nilipokea maombi matatu: baba mkubwa, shangazi, na mtoto wa mjomba. Misiba yote ya kweli, sikatai. Lakini kwa desturi zetu nani hana mama wadogo watano? Tayari nabeba likizo ya ugonjwa, siku 126 kwa miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Uzazi siku 84, na mapacha 100. Sizilalamikii, ni haki. Kampuni yenye watu mia mbili akitoka mmoja hakuna anayeona. Kwangu akitoka mmoja, gunia za wakulima zinalala nje.

Dereva, Mtumba
Wengi tumekuja Dodoma kufuata kazi baada ya Serikali kuhamia. Kwetu ni Bukoba. Kati ya siku nne, mbili zinaishia barabarani. Hilo nalo liangaliwe.

Mhudumu wa duka la vifaa vya ujenzi, Majengo
Mimi natofautiana kidogo. Kazini kwetu kuna mwenzetu aliyeleta msiba wa "mama" mara mbili. Tangu hapo hata wenye misiba ya kweli tunahojiwa kama wezi. Mkifungua mlango, wekeni na komeo.

Mleta mada
Nimewasoma wote, asanteni kwa pole. Komeo lipo: barua ya mtendaji wa kijiji. Mimi ningeileta siku hiyohiyo.

Kaka wa Kizota, siombi mama watano. Mtu anapoajiriwa ajaze jina la aliyemlea, mmoja au wawili, karatasi ikae kwenye faili lake. Akifariki huyo, apewe siku zilezile za mzazi. Sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza, ambako mama ni mmoja. Fomu yetu ni ya Kiswahili, na kwa Kiswahili nilikuwa na mama wawili.

Jambo jingine: ofisini kwetu mwaka jana kuna kaka alifiwa na baba mkubwa akapewa siku tatu, kwa sababu msimamizi wa wakati ule alikuwa mwingine. Fomu ileile, orodha ileile. Ndiyo maana nataka iandikwe, isitegemee nani kakalia kiti.

Mwenye kiwanda kidogo, Kizota
La kujaza jina mapema nalichukua, ni jambo la maana. La malipo bado sijashawishika. Na msimu ukiwa umepamba moto, nani atasimama kwenye mashine?

Mleta mada
Wenzake, kaka. Mwenzangu wa kaunta alipofiwa na mama yake nilishika zamu zake zote nne. Naye alikwenda kwa msimamizi kuomba azishike zangu. Akaambiwa arudi akakae, halimhusu.