Kamera ndogo ya zumu ndefu: inamfaa mpiga picha wa Uganda?

Mwanzisha mada, Kampala:
Ndugu wapenzi wa picha, hili tulibishanie wazi. Wapo wanaosema kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu ni ya watalii tu, na mtu makini anunue lenzi kubwa au abaki na simu yake. Mimi napinga, ila si kwa kila mahali.

Chukua Canon SX740 HS: gramu 300 hivi, zumu ya mara 40, yaani lenzi yake ina upeo sawa na milimita 24 hadi 960 (namba ikipanda, kitu cha mbali kinavutwa karibu zaidi). Pale kwenye kinamasi cha Mabamba, korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa, kasimama kimya kwenye mafunjo na jua limetoka, kamera hiyo inakuletea jicho lake. Simu itakupa doa la kijivu. Lenzi kubwa inayofika huko ni mzigo, na kwa bei yake wengi wetu tutaishia kuitazama dukani.

Bwindi ni habari nyingine. Msituni kuna kiza, fleshi hairuhusiwi, unapewa saa moja tu, na gorila wako karibu. Zumu ndefu ya nini hapo? Unachohitaji ni mwanga, na kihisi cha kamera hizi, yaani kipande kinachopokea mwanga, kina milimita mraba 28 hivi. Kile kiitwacho cha inchi moja ni kikubwa mara nne. Ukivuta hadi mwisho lenzi inafunguka f/6.9 tu, yaani tundu dogo linaloingiza mwanga kidogo, unapandisha ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga), manyoya yanakuwa kama uji. Picha za namna hiyo zinaniuma, maana kibali cha gorila ni pesa nyingi.

Mwongoza watalii, Entebbe:
Kaka, Mabamba tunaingia kwa mtumbwi, nao umeusahau. Hautulii! Kwenye milimita 960 hata pumzi inatikisa picha, na wageni wangu wengi huondoka na picha za mafunjo matupu. Afadhali Sony RX100 VI, kihisi cha inchi moja, zumu inaishia milimita 200, kisha picha unaikata nyumbani.

Mwanzisha mada:
Dada, la mtumbwi nakubali: mwombe mpiga kasia atulie, panda hadi kasi ya 1/500 ya sekunde, piga mfululizo. La kukata sikubali. Ukiikata picha ya 200 ilingane na ya 960, megapikseli 20 zinabaki chini ya moja. Kwa ndege wa mbali hiyo si picha.

Wenzetu wa hifadhi ya Kidepo, mchana joto linapochemsha hewa, hiyo 960 inawasaidia chochote?