Sheria ya Kilimo ya Marekani na bajeti yake: vinaamuaje kinacholimwa hapa Iowa?

Mama Furaha, Des Moines

Ndugu zangu wanajukwaa, naomba msaada kwa wale wanaoelewa mambo ya serikali kuu ya nchi hii. Mimi na kina mama wenzangu kutoka Kongo na Burundi tunalima mchicha, nyanya chungu na maharage katika vipande vya ardhi tunavyokodi pembezoni mwa mji, na mavuno tunayauza sokoni siku za Jumamosi. Ukitoka mjini, kila upande ni mahindi na soya mpaka upeo wa macho, na mengi ya mahindi hayo hayaendi kwenye sahani ya mtu. Shirika lililotufundisha kutunza udongo bila dawa kali linatuambia kwamba mafunzo ya msimu ujao hayana uhakika, kwa kuwa ruzuku yao ya serikali kuu haijathibitishwa, ilhali jirani yetu mwenye mamia ya ekari hana wasiwasi na bima yake hata mvua ikikataa kunyesha.

Jambo jingine linalonisumbua ni maji. Juni 2025 tulikatazwa kumwagilia nyasi za majumbani kwa sababu nitrati, kemikali itokanayo na mbolea, ilikuwa nyingi mno mitoni, na mitambo ya kuisafisha ilikuwa imeelemewa. Je, ni sheria ileile inayoyalinda mahindi na kuziacha mboga? Ikiwa Bunge limekwisha kupitisha sheria inayotaja kilimo endelevu, kwa nini fedha zake ni za kubahatisha kila mwaka? Na mtu mwenye kipande cha kukodi abishe hodi wapi?

Msoma Bajeti

Shikamoo Mama Furaha. Sheria ya Kilimo ilianza mwaka 1933, enzi za Rais Franklin Roosevelt, bei za mazao zilipoanguka na wakulima wakawa wananyang'anywa mashamba kwa madeni. Tangu wakati huo huandikwa upya takriban kila miaka mitano. Inayotumika sasa ilitiwa saini Desemba 2018 na muda wake ukaisha Septemba 2023. Badala ya kuandika nyingine nzima, Bunge limeirefusha mara tatu, na mara ya mwisho, Novemba 2025, liliisogeza mpaka mwisho wa Septemba 2026.

Ndani ya sheria hiyo fedha haziko sawa. Zipo zinazotoka zenyewe: sheria imekwisha kusema nani anastahili, na Hazina inalipa bila kusubiri kura nyingine. Malipo ya kufidia bei za mahindi, soya, ngano, mchele, pamba na karanga yako huko, na bima ya mazao iko huko. Nyingine ni ruhusa tu. Sheria inasema kwamba programu fulani inaweza kupewa hadi kiasi fulani, lakini fedha yenyewe inabidi iombwe upya kila mwaka katika Kamati ya Matumizi, ambayo si ile Kamati ya Kilimo iliyoiandika sheria, na katika fungu ambalo kilimo kinagawana na ukaguzi wa dawa na vyakula pamoja na lishe ya wajawazito na watoto wachanga.

Chukua programu ya utafiti na elimu ya kilimo endelevu iitwayo SARE. Ilianza kupata fedha mwaka 1988, na sheria ya 1990 ikaruhusu ipewe hadi dola milioni 60 kwa mwaka. Miaka zaidi ya 30 imepita na kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja. Mwaka 2024 ilipata milioni 48, na hizo ni dola ambazo zinanunua kidogo kuliko zile za 1990. Ofisi ya kilimo cha mijini, iliyoundwa na sheria ya 2018 kwa ajili ya watu wa hali yenu, iliruhusiwa dola milioni 25 kwa mwaka, lakini bajeti za kawaida za kila mwaka hazijaipa hata nusu ya hizo. Kwa hiyo mbunge anaweza kusimama mbele yenu na kusema kwa haki kwamba alipigia kura kilimo cha mboga, na ninyi mkasema kwa haki vilevile kwamba hamjaona kitu.

Kuna pia programu ndogo zilizopewa fedha za uhakika, lakini za muda wa sheria tu. Muda ukiisha hazina fungu la kuziendeleza. Anayelima kilimo hai alikuwa akirudishiwa hadi asilimia 75 ya gharama za kupata cheti, bila kuzidi dola 750 kwa kila aina ya uzalishaji. Sheria iliporefushwa Desemba 2024, programu hiyo na nyingine za aina yake ziliachwa bila fedha mpya. Ruzuku za mahindi hazikukumbwa na jambo hilo.

Kuhusu bima ya jirani yako, serikali humlipia mkulima, kwa wastani, takriban asilimia 60 ya ada, na msaada huo hauna kikomo cha kipato wala cha ukubwa wa shamba. Athari yake inakwenda mbali kuliko fidia yenyewe, kwa sababu benki haimuulizi mwenye mahindi kama mvua itanyesha. Inamuuliza kama ana bima, na akiwa nayo anapata mkopo, na akipata mkopo anaweza kushindania ardhi ya kukodi kwa bei ambayo mkulima wa mboga hawezi kuilipa. Bima ya shamba zima, inayowafaa wenye mazao mchanganyiko, imekuwepo tangu 2015, lakini inadai kumbukumbu za kodi za miaka kadhaa, na mawakala wengi hawaifahamu vizuri.

Nikisema maoni yangu, kilichofanyika Julai 2025 ndicho kilichozidisha tofauti hiyo. Kwa njia ya sheria ya bajeti, ambayo Seneti huipitisha kwa wingi wa kawaida wa kura, bei ya msingi ya mahindi, yaani ile ambayo soko likishuka chini yake serikali humfidia mkulima, ilipandishwa kutoka dola 3.70 hadi 4.10 kwa busheli, na ya soya kutoka 8.40 hadi 10. Upande wenye nguvu ulikwisha kupewa sehemu yake, na hivyo msukumo wa kuandika Sheria ya Kilimo iliyo kamili, ambamo wote wangelazimika kujadiliana, ukapungua.

Mpima Maji, Ames

Naomba kujibu kuhusu maji, kwa kuwa hapo ndipo bajeti inapobeba mzigo ambao sheria nyingine zimeukwepa.

Udongo wa sehemu kubwa ya Iowa ulikuwa wa majimaji, na wakulima waliukausha kwa kufukia mabomba chini ya mashamba. Mahindi hayatumii mbolea yote. Baada ya mavuno ardhi hubaki tupu kwa miezi mingi, na mvua ya masika hushusha nitrati kwenye mabomba hayo moja kwa moja hadi mito ya Raccoon na Des Moines, ambako mji wenu unachota maji ya kunywa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 10 kwa lita. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu za kaskazini magharibi, na mwaka 2017 kesi hiyo ikatupwa.

Sheria ya Maji Safi ya 1972 inadhibiti bomba la kiwanda lakini imeyasamehe maji ya mvua yanayotoka mashambani. Kwa sababu hiyo serikali kuu haina amri ya kumpa mkulima. Ina fedha tu za kumshawishi, kupitia programu za uhifadhi kama EQIP na CSP, zinazolipia mazao ya kufunika ardhi wakati wa baridi, mzunguko wa mazao wenye shayiri au ngano, na vipande vya nyasi kandokando ya vijito. Kila mwaka waombaji ni wengi kuliko fedha, na wengi hurudishwa. Sheria ya 2022 ya Rais Biden iliziongezea programu za uhifadhi takriban dola bilioni 19.5, sheria ya Julai 2025 iliziingiza zilizobaki katika fungu la kudumu la Sheria ya Kilimo, jambo jema kwa sababu sasa zitaendelea, lakini iliondoa sharti la kuzielekeza kwenye mbinu zinazosaidia hali ya hewa.

Hata hivyo, tusiibebeshe Sheria ya Kilimo kila kitu. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa hugeuzwa ethanoli, na soko hilo lilijengwa na sheria za nishati za 2005 na 2007 zilizolazimisha petroli ichanganywe. Mkulima anayetaka kuongeza zao la tatu hukuta bima, ruzuku na soko la mafuta vyote vinamrudisha kwenye mahindi na soya. Iowa imejaribu kupunguza dola 5 kwa ekari katika ada ya bima ya anayepanda mazao ya kufunika ardhi. Ningependa jambo hilo liwe la nchi nzima na kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa sababu linaitumia bima ileile kuvuta upande mwingine.

Baba Neema, Portland, Maine

Ndugu waliotangulia wameeleza vizuri, lakini wameiacha sehemu kubwa kuliko zote. Zaidi ya robo tatu ya fedha za Sheria ya Kilimo ni msaada wa chakula, SNAP, ambao mwaka 2024 uliwafikia takriban watu milioni 42. Uliunganishwa na ruzuku za mazao mwaka 1973, na tangu hapo wabunge wa mijini na wa vijijini wamehitajiana ili sheria ipite. Mwaka 2013 Baraza la Wawakilishi lilijaribu kuvitenganisha, kisha vikarudishwa pamoja.

Mama Furaha, mteja wako mwenye kadi ya SNAP ndiye anayekuunganisha na sheria hii zaidi ya mtu yeyote. Ipo programu iitwayo GusNIP, iliyoanza na sheria ya 2014 kwa jina jingine, inayomwongezea mteja huyo thamani anaponunua mboga na matunda; katika masoko mengi dola yake moja huwa mbili. Hiyo ni fedha ya mlaji na ya mkulima kwa wakati mmoja, na mimi sijaona sehemu nyingine ya sheria inayofanya hivyo waziwazi namna hiyo.

Ndiyo maana yaliyotokea 2025 yananiuma. Machi, Wizara ya Kilimo ilifuta takriban dola bilioni moja ambazo shule na benki za chakula zingetumia kununua kwa wakulima wa karibu. Programu hizo zilianzishwa kwa uamuzi wa wizara wala hazikuwa na kifungu katika Sheria ya Kilimo, kwa hiyo uamuzi mwingine ulitosha kuzimaliza. Julai, SNAP ilipunguziwa takriban dola bilioni 186 kwa miaka 10, na wakimbizi pamoja na waliopewa hifadhi wakaondolewa mpaka wawe wakaazi wa kudumu. Novemba, serikali ikiwa imefungwa kwa kukosa bajeti, malipo ya SNAP yalikatizwa, ingawa ni haki iliyoandikwa katika sheria. Watu walioondolewa ni watu wetu, na wengi wao ndio wanaojua kupika nyanya chungu unazouza.

Mama Furaha, Des Moines

Nawashukuru sana. Sasa naelewa kwa nini wateja wa kadi walipungua sokoni Novemba. Swali langu lililobaki ni la mlango: tuanzie wapi, sisi tusio na hati ya ardhi?

Msoma Bajeti

Anzeni katika kituo cha huduma cha Wizara ya Kilimo cha kaunti yenu, mwombe kila mmoja wenu asajiliwe na kupewa namba ya shamba. Namba hiyo haidai umiliki, na bila hiyo kompyuta za wizara hazijui kwamba mpo. Kwenye kituo hichohicho kuna mikopo midogo ya hadi dola 50,000 kwa gharama za kilimo, na maombi ya EQIP, ambayo hulipia hata kitalu nyumba cha plastiki. Mkulima aliye ndani ya miaka 10 ya kwanza, au mwenye kipato kidogo, anaweza kulipiwa hadi asilimia 90 ya gharama iliyokadiriwa, na anaweza kuomba angalau nusu kabla ya kazi ili asikope. Kikwazo chenu kitakuwa muda wa kukodi, kwa kuwa ni lazima mwonyeshe kwamba ardhi iko mikononi mwenu kwa kipindi chote cha mkataba. Mkataba wa kukodi wa mwaka mmoja mmoja hautoshi, kwa hiyo zungumzeni na mwenye ardhi kwanza na mwandikiane.

Kuhusu mafunzo yenu, mwaka 2025 maseneta wote wawili wa Iowa, Chuck Grassley na Joni Ernst, walikuwa katika Kamati ya Kilimo ya Seneti. Andikeni kwa ofisi zao kama wapiga kura na wakazi wa Iowa, mkiitaja programu kwa jina na kiasi mnachotaka kitengwe, mapema katika mwaka, kabla Kamati ya Matumizi haijagawa mafungu.