Kutia uzi rangi kwa maganda ya vitunguu na choya: huu uzi wa sweta wa dukani unashika?

Neema_Ilazo

Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni. Nipo Dodoma, Ilazo. Mwezi wa sita shule zinafungwa na binti wa dada yangu, yuko darasa la sita, anakuja kukaa kwangu likizo nzima. Mwaka jana alishinda kwenye simu, hata ugali anakula kainamia kioo. Safari hii nimesema tutafuma, atake asitake. Mimi sweta na vitambaa vya makochi najua, cherehani ya miguu ninayo, na yeye kaka yake ameshamchongea sindano mbili kwa spoki za baiskeli, mistari ya kwanza anaiweza.

Sasa mwenzenu nina tamaa ya kutia uzi rangi mwenyewe, kwa vitu vya asili. Kuna dada anauza vitunguu soko la Majengo, ananiwekea maganda. Nina mfuko wa sandarusi umejaa mpaka juu lakini ukiuinua utadhani hauna kitu. Choya aliniletea mama mkwe kutoka Bahi. Bizari ya manjano ipo jikoni.

Ninachouliza ni hiki: uzi mweupe wa sweta wa madukani utashika hizo rangi? Nasikia lazima utie shabu, je hapa mjini inauzwa wapi na naweka kiasi gani? Na ile nyekundu ya choya inavyopendeza, inaweza kudumu kwenye kofia ya mtoto mchanga? Mdogo wangu anajifungua mwezi wa nane na nataka nimpelekee kitu kilichotoka mikononi mwangu, si cha dukani.

fundi_majengo

Dada Neema, kabla hujafikiria rangi, choma uzi kwanza.

Sitanii. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano, washa kiberiti. Kikijikunja, kikayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu, hiyo ni akriliki, yaani plastiki. Kikiwaka vizuri, kikanukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu, ni pamba. Kikinuka kama unababua kuku na moto ukajizimia wenyewe, hiyo ni sufu halisi, manyoya ya kondoo, na ukiipata Dodoma uniambie umeinunua duka gani.

Uzi wa sweta unaouzwa hapa karibu wote ni akriliki, hata kama kwenye karatasi yake wamechora kondoo. Chemsha na maganda ya gunia zima, ukisuuza rangi yote inaondoka na maji. Hakuna shabu itakayousaidia.

Halafu kwa kuwa umesema una cherehani: ukitaka kushona na kitambaa cha kutia rangi, tia rangi kitambaa kwanza, ndipo ukate. Sababu ya kwanza, pamba inaruka ikichemshwa, ukikata kabla utapata gauni la mwanasesere. Ya pili, uzi wetu wa cherehani ni poliesta, haushiki rangi ya mmea. Nguo itatoka kahawia, mishono yote imebaki myeupe kama mistari ya barabara. Kuna wateja wanaipenda hiyo, lakini bora uwe umeikusudia.

mama_batiki

Mimi natengeneza batiki za kuuza, nitasema ukweli wangu. Maganda ya vitunguu si biashara. Mteja anataka mita 20 rangi moja, kesho anarudi anataka 20 nyingine zifanane nazo. Kwa maganda utazipata wapi? Rangi za dukani na haidrosi, ile dawa inayotiwa pamoja na rangi, zinanipa kitu kile kile kila siku.

Ila kwa mtoto wa darasa la sita nakuunga mkono, fanyeni hayo ya asili. Kazi yetu ina kostiki, ile inaunguza ngozi na macho, na ukiitia kwenye sufuria ya alumini inachemka yenyewe bila moto na kuila. Mimi wanangu siwaruhusu kusogea ndoo zile.

Mwalimu_wa_Sindano

Marahaba Neema, mwanangu. Nilifundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, sasa nipo Mpwapwa na kuku wangu. Fundi amesema la msingi, mimi naanzia alipoishia: tafuta pamba.

Kondoo wa huku kwetu usiwategemee. Hawa wa mkia mnene wana nywele, hawana sufu, hakuna cha kusokota pale. Pamba ndiyo mali yetu, inalimwa Simiyu, Shinyanga, mpaka kwa majirani zetu Singida. Kwa kufuma chukua ule uzi mweupe wa pamba wa vitambaa vya makochi. Kwa kuwa ni mwembamba, fuma ukishika nyuzi tatu kwa pamoja, kofia itapata mwili. Kwa kushona chukua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na uifue kwanza mpaka ule wanga wa kiwandani utoke.

Kabla hujaichovya popote, kunjua bonge la uzi. Hapa ndipo kazi inapoharibika na watu wanalaumu shabu. Geuza kiti juu chini, zungusha uzi kwenye miguu yake miwili upate kitanzi kirefu. Kifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi huo huo wa pamba, na kila kipande kipite katikati ya nyuzi kwa umbo la nane, nusu ya nyuzi juu, nusu chini. Fundo liwe legevu, vidole viwili viingie. Ukikaza, chini ya fundo patabaki peupe. Usipofunga kabisa, utatoa sufuriani mvurugano ambao ni mkasi tu utakaoutatua, na binti atakuwa amesharudi kwenye simu.

Kisha uchemshe na sabuni ya kipande uliyoikuna, saa nzima. Pamba mpya ina nta yake hata ukiiona safi. Utashangaa maji yanavyogeuka. Wengine wanatia magadi, ni sawa kabisa, lakini si kwenye sufuria ya alumini, yataipiga weusi na kuitoboatoboa. Tumia ya enameli. Na kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi, sabuni itakataa kutoa povu na kuacha utando kwenye uzi. Kama umebakiza maji ya mvua kwenye tangi, yatunze kwa kazi hii.

Sasa shabu. Uliza kwa wauza dawa za asili na viungo, inakuja kama vipande vya kioo cheupe. Ifunge kwenye kitambaa uipondeponde kwa jiwe, usiitie kwenye kinu cha jikoni, na vumbi lake msilivute. Kwa uzi mkavu wa gramu 100 (muuza duka akupimie), gramu 15 zinatosha, ni kama vijiko vitatu vya chai. Lakini pamba haiipokei shabu kirahisi kama sufu, inataka itangulizwe. Chemsha majani ya chai, konzi moja nzito, au maganda ya komamanga ukiyapata, uchuje, ulaze uzi humo usiku kucha. Ule ukali wa chai unaokausha ulimi ndio unaong'ang'ania pamba, shabu nayo inashika hapo, na rangi inashika kwenye shabu. Asubuhi kamua, usisuuze, ndipo uulaze kwenye maji ya moto uliyoyeyushia shabu, nao usiku mwingine.

Maganda ya vitunguu yawe na uzito sawa na uzi. Ndiyo, huo mfuko wako wa sandarusi unaweza kuishia kwenye bonge moja au mawili tu. Chemsha saa moja, chuja, ingiza uzi ukiwa umelowa, moto mdogo saa moja nyingine, maji yafuke bila kutokota, kisha zima uache upoe humo humo mpaka kesho. Ila usitegemee wekundu. Vitunguu vyetu vingi ni vyekundu kwa nje, lakini maganda yake juu ya shabu hutoa kahawia yenye dhahabu, saa nyingine inaelekea kijani cha zeituni. Ni rangi nzuri sana, na inavumilia kufuliwa.

Choya kunywa, mwanangu. Wekundu wake ni wa jamii moja na ule wa ganda la zabibu, kwa hiyo mwezi wa nane wenye mvinyo watakapokugawia makapi ya zabibu, usihangaike nayo. Ukitia limau inawaka. Ukitia magadi au maji ya majivu inageuka kijivu cha bluu, hata kijani. Sabuni ya kufulia inafanya yale yale ya magadi. Sasa kofia ya mtoto mchanga, inayotapikiwa maziwa na kufuliwa kila kukicha, hiyo choya itakaa wapi? Lakini usiitupe nje ya likizo yenu: mpangie binti bilauri nne za choya, moja limau, moja magadi, moja shabu, moja iachwe, achovye vipande vya uzi na aandike anachokiona. Nilikuwa nikifanya hivyo darasani na hata wale wa nyuma walikuwa wanasogea mbele.

Bizari inashika pamba hata bila shabu, inang'aa kweli, ila jua linaila haraka. Weka kwenye kitu cha ndani, mto wa kitandani labda.

Sufuria, mwiko na chujio vya kazi hii visirudi kupikia. Cha asili si lazima kiwe cha kula.

Msandawe_Online

Mnasahau mdaa. Ule ambao mizizi yake inatia ukili rangi nyeusi kwa ajili ya mikeka. Na sisi huku porini upo.

Mwalimu_wa_Sindano

Sijausahau kijana wangu, nimeupitia pembeni kwa makusudi. Ukishachimba mizizi, mti umeuaga. Kwa mabonge mawili ya uzi wa kofia sioni sababu. Neema akitaka rangi ya giza, aloweke misumari yenye kutu kwenye maji na siki, wiki moja au mbili, kisha atie kijiko kimoja tu kwenye maji ya maganda. Rangi itakolea papo hapo, iwe kama majani makavu. Asizidishe, chuma kikizidi uzi unakuwa dhaifu na kukatika.

Neema_Ilazo

Jamani asanteni. Nimechoma mabonge yote matatu niliyokuwa nimenunua, yote vidonge vyeusi, na jiko zima linanuka ndoo iliyoungua. Fundi, ulijuaje hata habari ya kondoo kwenye karatasi? Yupo, tena anatabasamu.

Uzi wa pamba nimeupata duka la vifaa vya ushonaji kule kule Majengo, na shabu kwa mzee wa dawa za asili. Aliniuliza kama nina jino linauma, nikamwambia ni ya kufumia, akanitazama sana.

Nimebaki na maswali mawili. Nikaushie wapi? Mnaijua Dodoma mwezi wa saba, upepo na lile vumbi jekundu, nguo unaanua chafu kuliko ulivyoanika. Na maji ya maganda yakibaki nimwage?

fundi_majengo

Hiyo akriliki usiitupe. Mfumie binti sweta la asubuhi, Juni na Julai hapa kunapoa kweli, na plastiki inakauka haraka. Haihitaji rangi, inayo tayari.

mama_batiki

Kuhusu kukausha: ndani, kwenye kamba ya korido, mbali na dirisha. Hata mimi na rangi zangu za dukani sianiki juani.

Mwalimu_wa_Sindano

Kamba ya korido ni jibu sahihi. Usukumie mti wa ufagio ndani ya kitanzi chini, uzito wake utaunyoosha uzi ukikauka na hautajikunja wakati wa kufuma. Suuza kwanza mpaka maji yatoke meupe, hasa huo wa mtoto.

Kabla hujaanza kufuma, kata kipande cha uzi ulioutia rangi, nusu yake ibane ndani ya kitabu, nusu itokeze nje, weka dirishani wiki moja. Fungua ulinganishe. Nusu zote mbili zikifanana, fuma kwa raha. Ile ya nje ikififia, fuma kitu cha ndani ya nyumba.

Maji usimwage. Tia fungu la pili, nalo liwe limepitia chai na shabu kama la kwanza, litatoka hafifu zaidi, na la tatu hafifu kuliko hilo. Yakishaisha nguvu ndipo uyamwage mbali na bustani ya mchicha. Hizo hafifu ndizo uanzie kwenye ukingo wa kofia, halafu upande kuelekea ile iliyokolea. Tumia spoki nyembamba kwa ukingo, usivutike.